Shangazi, chuo cha Marekani kinasema kina ithibati. Nilipe?

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Kirumba, Mwanza. Naomba jina langu lisitokee, kazini wataniuliza maswali. Nina miaka 33, nina mume na watoto wawili. Ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha kusindika samaki, huu ni mwaka wa sita. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, nilimaliza na GPA ya 3.4. Tatizo ni kwamba kila nafasi ya afisa ununuzi ikitangazwa, iwe hapa kiwandani au kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, wanataka shahada. Mwaka jana kijana ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kupokea mzigo na kujaza leja, alipandishwa akawa bosi wangu kwa sababu ana digrii. Sina kinyongo naye, ni mtoto mzuri, ila iliniuma.

Kukaa darasani siwezi. Naingia kazini saa moja asubuhi, na samaki wakichelewa kufika kutoka visiwani naweza kutoka saa tatu usiku. Kwa hiyo nilipoona tangazo Facebook la chuo kikuu cha Marekani kinachofundisha kwa mtandao, nikajaza namba yangu. Haikupita muda mtu akanipigia WhatsApp, anajiita mshauri wa udahili. Akaniuliza nimefanya kazi miaka mingapi. Nilipomjibu akasema uzoefu wangu unahesabika kama masomo, hivyo shahada ya miaka minne mimi nitaimaliza kwa miezi tisa. Mitihani hakuna, ni kazi za kuandika tu. Ada ni dola 2,400, lakini nikilipa yote kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo watanipunguzia mpaka 1,500.

Nilimwuliza kama chuo kinatambulika. Akanitumia cheti cha ithibati kwa PDF, kina muhuri wa dhahabu na ramani ya dunia, kinasema chuo kina "ithibati kamili ya kimataifa". Nikamwuliza habari ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Akasema TCU ni kwa vyuo vya Tanzania, wao ni wa kimataifa hawahitaji. Akaongeza kwamba cheti changu kitagongwa muhuri na serikali ya Marekani yenyewe, na hapo hakuna ofisi Afrika itakayokikataa.

Nimeshalipa dola 50 za fomu na nimewatumia picha ya kitambulisho changu cha NIDA. Hizo nyingine nitakopa kwenye kikoba. Mume wangu anasema nisiachie, digrii ya Marekani si mchezo. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu kule Nansio, anasema vyuo vyote vya mtandaoni ni utapeli, bora hela ninunulie matofali. Nimebaki katikati. Hiyo ithibati ni kitu gani hasa, na nitajuaje kama hii ni ya kweli?

Mama wa Stoo, Kirumba

*

Marahaba mwanangu.

Usilipe. Nimetanguliza hilo kwa sababu umewekewa tarehe, na sitaki Ijumaa ifike ukiwa bado unasoma maelezo yangu. Sasa tuzungumze taratibu.

Wewe unafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, kwa hiyo ithibati unaijua hata kama hujawahi kuiita hivyo. Minofu ya sangara inayotoka hapo kwenda Ulaya, mnunuzi wa kule hakijui kiwanda chenu. Anachojua ni kwamba Umoja wa Ulaya unaitambua mamlaka ya serikali yetu inayokagua samaki, na mamlaka hiyo imekikagua kiwanda chenu na kukipa namba. Kuna anayekagua, na kuna anayemtambua huyo anayekagua. Mwaka 1999 samaki wa Ziwa Victoria walipofungiwa mlango wa Ulaya, kiwanda kilichokuwa safi na kilichokuwa kichafu vyote viliumia pamoja, kwa sababu mnyororo huo wa kuaminiana ulikatika. Kiwanda kisingeweza kujitengenezea cheti chenye muhuri wa dhahabu kikasema basi, pokeeni mzigo.

Chuo nacho ni hivyo hivyo. Marekani serikali yenyewe haitoi ithibati kwa vyuo, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ithibati inatolewa na mashirika ya kujitegemea, ambayo kazi yao ni kwenda chuoni, kukagua walimu, mitaala, mitihani, maktaba na hesabu za fedha, kisha kurudi tena baada ya miaka kadhaa. Mashirika hayo nayo yanatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, au na baraza lisilo la serikali linaloitwa CHEA, lililoanzishwa mwaka 1996, na mengine yanatambuliwa na wote wawili. Kwa vyuo vinavyofundisha kwa masafa lipo shirika linaloitwa DEAC, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1926, na linatambuliwa. Sasa, hakuna sheria ya asili inayomzuia mtu yeyote kufungua tovuti, kuiita baraza la ithibati, na kuanza kugawa vyeti kwa chuo alichokifungua yeye mwenyewe wiki iliyopita. Ndiyo maana kuuliza "mna ithibati?" hakukusaidii. Tapeli atajibu ndiyo, na cheti atakutumia. Uliza: nani ameitoa, na huyo aliyeitoa anatambuliwa na nani?

Nilifanya hivyo kwa niaba yako. Nilichukua jina la baraza la ithibati lililoandikwa juu ya ile PDF uliyoambatisha na barua yako, nikalitafuta kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani, ile inayoitwa DAPIP. Ni ya bure, haihitaji kujisajili, na unaweza kuifungua kwa simu yako hiyo hiyo ukiwa kwenye daladala. Halipo. Nikatafuta jina la chuo. Hakipo. Nikaenda kwenye orodha ya CHEA, hakuna chuo wala baraza. Kisha nikafungua tovuti ya hilo baraza lenyewe. Ukurasa wake wa "kuhusu sisi" una sentensi nzima zilizofanana na za tovuti ya chuo, mpaka kosa la tahajia limejirudia mahali pale pale. Anuani ni sanduku la posta tu. Halafu itazame tena PDF yako kwa jicho la mtunza stoo: haina tarehe ya kuanza wala ya kwisha. Wewe huwezi kupokea hata katoni ya vifungashio isiyo na tarehe. Ithibati ya kweli hutolewa kwa kipindi, na orodha ya serikali huonyesha ilitolewa lini na ukaguzi unaofuata ni lini.

Hilo neno "ya kimataifa" nalo lisikutishe. Hakuna chombo cha dunia nzima kinachotoa ithibati kwa vyuo vikuu. Hata UNESCO haifanyi kazi hiyo, ingawa jina lake hutumiwa sana kwenye matangazo ya namna hii. Chuo huwa na nchi yake, na nchi hiyo huwa na utaratibu wake. Chuo kinachosema hakina nchi ya kukijibia, nani atakijibia siku ukipata shida?

Na muhuri wa serikali ya Marekani? Upo kweli, na hapa ndipo wanapowapata hata watu makini. Ofisi za serikali kule huthibitisha saini. Wakili akisaini karatasi kwamba nakala hii ameiona, ofisi inaweza kuthibitisha kuwa saini ile ni ya wakili yule. Haithibitishi kwamba chuo kipo wala kwamba ulisoma. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua habari za kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo na shule ambazo hazikuwapo. Walikuwa na mabaraza yao wenyewe ya ithibati, walikuwa na watu wa kupiga simu, na waliwauzia wateja hati za uthibitisho zenye saini ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Soma tena barua yako mwanangu, uone ulivyokaribia njia ile ile.

Kuna vitu vingine watakuonyesha. Cheti cha kusajili kampuni: hicho kinasema kampuni ipo, kama BRELA inavyosajili kampuni hapa kwetu bila kuipa ruhusa ya kutoa shahada. Cheti cha ISO: hicho ni cha utaratibu wa uendeshaji, si cha elimu. Anuani ya tovuti inayoishia na .edu: tangu mwaka 2001 inatolewa kwa vyuo vya Marekani vyenye ithibati inayotambulika, lakini waliokuwa nayo kabla ya hapo waliachiwa, hivyo peke yake haitoshi.

Sasa tuje nyumbani, maana digrii hutaitumia Marekani, utaitumia Mwanza. Mimi humwambia kila anayeniuliza jambo hili aanzie mwisho: cheti hiki kitawekwa juu ya meza ya nani? Wewe unataka Ajira Portal. Basi soma masharti ya jumla ya tangazo lolote la pale, yale ambayo watu huyaruka. Yanasema vyeti vya vyuo vya nje ya nchi vihakikiwe na TCU au NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na vya sekondari vya nje vihakikiwe na NECTA, baraza la mitihani. Kwa hiyo yule mshauri alikudanganya kwa makusudi kabisa. Chuo chake hakihitaji TCU, kweli, lakini wewe unaihitaji. Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotathmini shahada za nje na kusema inazitambua au la, na jambo la kwanza inaloangalia ni kama chuo kinatambulika katika nchi yake. Jambo jingine inaloangalia ni sifa ulizoingia nazo. Hilo wengi hawalijui mpaka siku ya kukataliwa.

Hebu kumbuka: katika mazungumzo yenu yote, je, mtu yule alikuomba matokeo yako ya kidato cha nne? Alikuomba namba ya uhakiki wa diploma yako, ile AVN ya NACTVET? Alikuuliza miaka ya kazi na uwezo wa kulipa. Chuo chenye kujali ithibati yake hakiwezi kukuingiza kienyeji hivyo, kwa sababu mkaguzi akija ataliomba faili lako. Uzoefu wa kazi unaweza kuhesabika, vyuo vya kweli vipo vinavyofanya hivyo, lakini huwa wanakupima, na wanachokupunguzia ni sehemu ya masomo. Miaka minne kuwa miezi tisa bila mtihani hata mmoja ni bei ya karatasi, na karatasi hiyo ina hatari yake.

Nchi hii inakumbuka mwaka 2017, watumishi wa umma 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini. Wewe hujaghushi chochote, na sikuweki kundi moja nao. Lakini ukishaandika kwenye wasifu wako wa kazi kwamba una shahada ambayo hakuna anayeitambua, siku ya uhakiki maelezo yatakuwa marefu, na miaka yako sita ya uaminifu stoo itaingia kwenye mashaka ambayo haikustahili. Katika fani yako kuna meza nyingine pia: Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB. Afisa ununuzi anatakiwa asajiliwe nao. Wapigie kabla ya kuanza shahada yoyote, ya hapa au ya nje, uwaulize kama wanaikubali.

Mjomba wako mwambie nimemsalimu sana, lakini hapa hayuko sahihi. Kusoma mbali na darasa si utapeli. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwapa mitihani wanafunzi wasiokaa London mwaka 1858. UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kimefundisha kwa masafa tangu mwaka 1946, na Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria hapo mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Na sisi tunacho chetu: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe hasa, wenye kazi, watoto na zamu. Unasoma kwa mtandao na vitabu, unakwenda kituoni kwa mitihani, na kituo kipo hapo hapo Mwanza. Mitihani unaifanya mbele ya msimamizi, kitambulisho mezani, na hiyo ndiyo inayokipa cheti uzito. Najua inaogopesha kwa mtu aliyeacha shule siku nyingi. Lakini mtu anayepokea tani za samaki usiku na hesabu yake asubuhi inakubali, mtihani wa ugavi hautamshinda.

Utaratibu wa TCU unamruhusu mwenye diploma ya NTA ngazi ya 6 (NTA ni ngazi za tuzo za NACTVET) kuomba shahada akiwa na GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa D nne za kidato cha nne. Wewe una 3.4. Mlango wa mbele uko wazi kwako, sioni kwa nini upenye dirishani. Ukitaka fani yako yenyewe, waulize pia CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, na TIA, Taasisi ya Uhasibu, wote wana kampasi Mwanza, kama wana masomo ya jioni na ya ununuzi kwa ngazi ya shahada. Usishangae ukikuta wao wako chini ya NACTVET na shahada yao inaitwa NTA ngazi ya 8. Ni shahada halali kabisa.

Kama moyo bado uko kwenye chuo cha nje, sikukatazi. Tafuta nchi ya chuo, kisha tafuta chombo cha nchi hiyo. Uganda ni NCHE, Kenya ni CUE. Uingereza serikali ina orodha ya vyuo vyenye mamlaka ya kutoa shahada. India, UGC yao hutoa hata orodha ya vyuo bandia kwa majina. Ingia kwenye tovuti ya chombo hicho kwa kuandika anuani mwenyewe, usibonyeze kiungo ulichotumiwa na chuo. Kisha waandikie TCU kabla hujalipa: jina la chuo, jina la shahada, na kwamba utasoma kwa mtandao ukiwa Tanzania. Jibu lao lihifadhi.

Kuhusu dola 50, hesabu zimekwenda. Usitume nyingine hata ukiambiwa ni za kukurudishia. Mazungumzo yote ya WhatsApp, risiti na ile PDF usifute. Mwandikie mtu yule mstari mmoja kwamba umejitoa na hukubali picha ya kitambulisho chako itumike, kisha mfungie namba. Wakianza kukutisha kwa simu, kwamba unadaiwa au watakushtaki kwa mwajiri, usiwalipe wakunyamazie. Nenda polisi na hizo skrinishoti, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015. Na kwa kuwa wana picha ya NIDA yako, piga *106# uangalie kama hakuna laini ya simu usiyoijua iliyosajiliwa kwa jina lako, na urudie kuangalia kila baada ya muda.

Mume wako hakukosea kutaka upande. Mwonyeshe DAPIP, mtafute jina la chuo pamoja, aone mwenyewe kwamba hakuna kitu. Atakuelewa kuliko ukimwambia Shangazi kasema. Na ule mkopo wa kikoba usiuchukue sasa. Zaidi ya milioni tatu na nusu kwa mkupuo, na riba juu yake, ni mzigo usiokuwa na haja nao wakati kuna vyuo vinavyopokea ada kwa awamu.

Wiki hii omba ruhusa ya saa mbili tu, uende kituo cha Chuo Kikuu Huria na vyeti vyako vya kidato cha nne na diploma. Waulize ada ya mwaka mzima pamoja na ya mitihani, waulize dirisha la udahili linafungwa lini, na waulize inakuwaje kama siku ya mtihani umeangukia zamu. Hilo la mwisho usisahau, kiwanda hakisimami kwa ajili ya mtihani wa mtu, na ni vizuri meneja wako alijue mapema kutoka kwako.

Shangazi